Majani ya Jeneza la Lodzia

Mdogo wangu Lodzia alikuwa mtu wa kutunza. Alitunza vifungo vya mashati yaliyochakaa, alitunza karatasi za zawadi baada ya kuzipiga pasi, alitunza sabuni aliyopewa siku ya harusi yake mpaka ikageuka jiwe. Kwa hiyo kiangazi kile alipolala kitandani bila tumaini la kuinuka, sikushangaa kusikia kwamba jeneza amekwisha kulichagua, gauni liko tayari kwenye hanga, na wimbo asioutaka uimbwe amekwisha kumtajia padre. Kilibaki kitu kimoja tu.

"Dada," aliniambia, "kicha changu utakichuma wewe. Usimtume huyu mume wangu Ignac. Ataniletea majani ya viazi."

"Na mimi nikitangulia?"

"Wewe? Wewe hata shetani anaogopa kukupangisha chumba."

Kwetu, mwanamke hazikwi bila kicha chini ya kichwa. Wazee wetu walitoka Poland na jambo hilo, wakalileta huku Wisconsin pamoja na soseji na ugomvi. Kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, wanawake wanapeleka kanisani vicha vya majani na maua ya porini. Padre anavinyunyizia maji ya baraka, halafu vinarudi nyumbani kukaa nyuma ya picha ya Mama Maria. Radi ikipiga, unachoma jani moja. Ng'ombe akizaa kwa taabu, unamlisha kidogo. Na mwanamke wa nyumba akifa, kicha kinalazwa chini ya kisogo chake. Kinachumwa na dada yake au binti yake, katika ardhi ya nyumba yao, si ya jirani. Mama yetu alikuwa akisema kwamba kule juu wanawake hawaulizwi majina, wananuswa. Ukinuka kwenu, mama yako anakuja mlangoni kukupokea.

Ardhi ya kwetu ni mchanga mtupu, na pale mchanga unapoinama kuna kinamasi. Maji yanachimbuka yenyewe, baridi, hata mwezi wa Julai yanauma vidole. Nilipokuwa msichana, kinamasi kile mwezi wa Agosti hakikuwa cha kijani. Kilikuwa cha kila rangi. Ndago zenyewe zilikuwa fupi, zinafika magotini, na katikati yake kulikuwa na nyota nyeupe zenye mishipa ya kijani, kulikuwa na maua yanayofanana na vichwa vya kobe, kulikuwa na pamba ya kinamasi, na nanaa kali inayotoa machozi ukiipitisha puani. Na kulikuwa na ua la buluu tulilokuwa tukiliita mtawa, kwa sababu halifunguki kamwe, na nyuki akilitaka lazima asukume kwa mabega mpaka aingie. Mimi nilikuwa na maoni yangu juu ya mtawa huyo na nyuki wake. Niliyasema mbele ya masista nikapigwa kofi ambalo sikio langu la kushoto linalikumbuka hadi leo.

Kicha cha nyumba yetu kilitaka mimea tisa, yote ya kinamasini, na mtawa katikati. Tukishachuma, kiangazi kikielekea ukingoni, Baba alikuwa akiingia na fyekeo, anakata ndago zote na kuzitoa nje kwenda kuwatandikia ng'ombe. Mwaka unaofuata maua yalikuwa palepale, kama watu wanaorudi kwenye benchi lao kanisani.

Halafu yakaanza kupungua. Wakati huo Lodzia alikwisha kuolewa na Ignac, na Ignac alikwisha kulima viazi mchanga wote wa juu, kwa mbolea ya dukani na yale mabomba marefu ya kumwagilia yanayotembea kwa magurudumu. Viazi vilikuwa vikubwa kama viatu vya mtoto. Tulikuwa na furaha naye. Kule chini nyota nyeupe zikapotea kwanza, kisha vichwa vya kobe vikawa vya kutafuta kwa macho makali, na mtawa akabaki amezunguka lile jicho la maji tu, pale mchanga ulipokuwa ukicheza ndani ya maji.

"Ni mikono yetu," Lodzia akasema. "Wanawake wa nyumba tatu za ukoo huu tunachuma kila mwaka, na Baba anapita nyuma yetu na fyekeo. Nani asingechoka?"

Hakuna aliyembishia. Lilikuwa neno lenye akili. Basi siku ya sikukuu akapiga magoti mbele ya Mama Maria, parokia nzima ikisikia, akaweka nadhiri: kinamasi kitapumzika. Fyekeo lisiingie, ng'ombe asiingie, mkono wa mtu usichume, isipokuwa kwa ajili ya jeneza. Mama alilia kwa furaha. Baba akatundika fyekeo lake ghalani. Ignac akafunga geti kwa mnyororo na kusimika msalaba mdogo wa mti kando yake, na watu waliopita barabarani wakawa wanavua kofia.

Tangu hapo kanisani tulipeleka maua ya bustani, bizari na vitu vya namna hiyo. Lodzia alikuwa akinikanyaga mguu nikilalamika.

"Hivi ni vya kumwonyesha padre," alikuwa akisema. "Vyetu vya kweli vipo. Vinatungoja."

Mama alipokufa, miaka michache baada ya nadhiri, kicha chake kilipatikana, ingawa tulihangaika. Mtawa tulimpata mmoja, mfupi kama aliyekatwa miguu. Lodzia akasema ndiyo kwanza kinaanza kupona, tuzidi kukiacha. Tukakiacha. Baada ya Mama hakuna mwanamke mwingine aliyekufa nyumbani kwetu kwa miaka mingi sana, tuna roho ngumu. Mimi mume wangu alipofariki nilirudi kukaa na Lodzia na Ignac, na kila asubuhi Ignac alikuwa akichungulia dirisha la jikoni na kikombe chake cha kahawa, anamwambia mkewe, "Mama, kinamasi chako kimenona. Hakijawahi kuwa kijani hivi."

Na kweli kilikuwa kijani. Kijani toka getini mpaka msituni, kinawaka.

Kitanda cha ugonjwa tulikiweka pale pale dirishani, kwa sababu ndivyo alivyoomba. Alikuwa akilala ubavu, anakitazama.

"Utapata kazi ya kuchagua, dada," alikuwa akiniambia. "Chagua mazuri. Usiwe na haraka zako."

Siku ya kuamkia sikukuu nilivaa mabuti ya Ignac na kuchukua kikapu. Ignac akanifuata na mkasi mkubwa wa kukatia chuma, maana kufuli lilikuwa limeliwa na kutu.

"Mwanamume gani huyu," nikamwambia, "anafunga mlango asioweza kuufungua."

"Pita, shemeji, kabla sijakufungia humo humo."

Tukapita. Hatukufika mbali. Nyasi zilikuwa zimetupita vichwa, nyasi nene zenye majani mapana, zimelaliana juu ya nyasi za mwaka jana na za mwaka juzi, mpaka mguu haukanyagi ardhi, unakanyaga godoro lililooza. Ukizisukuma zinarudi kukupiga usoni. Ndago sikuiona hata moja.

"Shemeji, uko wapi?" nikaita.

"Niko nyuma ya mgongo wako. Ni mpana, siwezi kupotea."

Nikacheka. Tulikuwa bado tunacheka. Buti langu la kulia likazama, mguu ukatoka bila buti, Ignac akalivuta kwa mikono miwili likatoka kwa mlio ambao sitauandika hapa, akasema, "Samehe, sikujua kama tumbo lako lina njaa," nikampiga na kikapu. Wazee wawili, tukicheza kwenye matope kama bata. Nilikuwa na hakika kwamba hizi ni nyasi za ukingoni tu. Ndani, kwenye maji, maua yatakuwepo.

Ndani kulikuwa na matete. Yale yenye soseji ya kahawia juu ya kijiti, yamesimama ukuta, hata bega halipiti. Nilitafuta kwa macho, kisha kwa mikono, kisha kwa pua. Nilipata mashina mawili ya ua refu la zambarau, lile lisilojali linaota wapi. Nilipata nanaa, ndefu, laini, imenyooka kama mtoto wa tajiri. Nikaitafuna. Haikuwa na ukali wowote. Ilikuwa kama kutafuna bahasha.

"Twende kwenye jicho la maji," nikasema. "Mtawa yuko kule."

Jicho la maji tulilijua kwa kuteleza tu. Mchanga uliokuwa ukicheza haukuonekana. Juu ya maji kulikuwa na utando wa kijani, mzito, umeganda kama mafuta juu ya supu ya jana. Ignac akautenga kwa kijiti. Chini yake maji yalikuwa bado yanachimbuka, safi kabisa, baridi ile ile. Nilizunguka pale nimeinama, nikifunua majani moja moja. Nilizunguka tena. Nilikuwa nikiongea na ua kama mwehu: toka, mjinga wee, toka, ni kwa ajili ya Lodzia.

Nilipoinuka, Ignac alikuwa bado amesimama na kijiti chake.

"Balbina," akasema. Huwa hanitaji kwa jina. "Haya maji yanatoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Yanatoka pale yalipokuwa yakitoka."

"Yanatoka kwangu." Akanyoosha kijiti kuelekea juu, kwenye viazi. "Yule mama aliyekuja kupima kisima alituambia. Mbolea inapita mchangani kama chai kwenye chujio, akasema, inashuka na maji. Akasema mjukuu asinywe maji ya bomba. Nikanunua ya chupa. Miaka yote hii nanunua ya chupa, nikajiambia, basi, Ignac, umelinda watoto wako. Sikuwaza kwamba kuna kingine kinachokunywa humu."

Nilikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, nikafikiri kwa sauti, polepole, kwa akili yangu ya darasa la nane. Mtawa na nyota na ndago walikuwa watu wa kula kidogo. Maji matupu yaliwatosha, na kwa sababu hakuna aliyepata cha kushiba, kila mmoja alipata mahali pa kusimama. Sisi tukawamwagia karamu. Karamuni wanakuja walafi, wanakua, wanaziba jua, na wenye kula kidogo wanafia gizani. Baba na fyekeo lake alikuwa angalau akitoa kila mwaka sehemu ya shibe ile nje ya geti. Sisi tukamwambia aache. Tulimfungia mgonjwa mlango pamoja na chakula kilichokuwa kikimuua, tukasimika msalaba, na watu wakavua kofia.

"Tutamwambia nini?" Ignac akauliza.

"Usiniulize."

"Tuchanganye na ya bustani. Yapo yale ya buluu karibu na ghala. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri."

"Ana pua, Ignac."

"Shemeji, nakuomba."

Hakunipigia magoti, ila alikuwa karibu. Basi tukachanganya. Niliyafunga vizuri, mashina mawili ya zambarau mbele, nanaa pembeni, ya bustani katikati, kwa uzi mwekundu kama alivyokuwa akifunga Mama. Kwa macho kilikuwa kicha cha kupendeza.

Lodzia alikuwa macho. Muuguzi alikuwa amemwinua kwa mito. Akanyoosha mikono miwili, ile mikono iliyobaki mifupa, nikampa. Alikilaza usoni, akavuta pumzi. Akakishusha. Akakiinua tena, akavuta pumzi kwa muda mrefu, kama mtu anayebonyeza kengele na hasikii mtu akija.

"Mtawa yuko wapi?"

"Amechelewa kuamka mwaka huu," nikasema. "Unawajua watawa."

Hakucheka. "Na nyota?"

"Nyota nazo..."

"Dada. Nimekuuliza."

Nimedanganya watu wengi maishani mwangu, tena kwa raha. Niliinama nikaanza kukaza uzi mwekundu wa kicha.

"Hakuna, mama," Ignac akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na matope mpaka kiunoni. "Hakuna hata kimoja. Ni nyasi na matete, toka getini mpaka msituni. Hayakuisha kwa mikono yenu. Yameisha kwa mbolea yangu. Inashuka mchangani, inatokea kule." Akamwambia yote, la kisima, la chupa, hata la fyekeo nililolisema mimi, hakujifichia kitu. Alipomaliza alibaki anapumua kwa mdomo.

Lodzia aligeuza uso dirishani.

"Lakini ni kijani," akasema.

"Ndiyo."

"Nimekuwa nikikitazama kila siku."

"Najua, mdogo wangu."

Bomba la maji lilikuwa linadondoka, na hakuna aliyekwenda kulifunga.

"Niliyatunza," akasema. Hakuwa akituambia sisi. Kisha akanigeukia, macho yamejaa, na sauti yake ikawa ya yule mtoto niliyekuwa nikimvusha mfereji mgongoni. "Laiti tungeyachuma yote, dada. Siku ile ile ya nadhiri. Tungejaza mikono, tungejaza aproni, tungeyaweka kwenye kila kikombe ndani ya nyumba. Tungekuwa nayo angalau siku moja."

Ignac akaja akaweka kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, mwanamume wa miaka ile.

"Si juu ya shuka, Ignac," Lodzia akamwambia, huku akimpapasa nywele. "Nimetandikiwa leo leo."

Hakula jioni hiyo. Asubuhi, nilipokuwa navaa nguo za kanisani, aliniita.

"Kachume kilichopo."

"Kilichopo ni matete, Lodzia."

"Basi matete."

"Yananuka tope."

"Na ndiko kwetu sasa. Unataka niende na bizari ya bustani, Mama aninuse aseme huyu ni mtoto wa nani? Sitamdanganya Mama mlangoni. Nenda, utachelewa misa."

Hivyo niliingia kanisani na matete mkononi, marefu kuliko mimi, soseji zake zikigonga taa. Wanawake wote walikuwa na vicha vyao vya bustani na vya dukani. Genowefa, ambaye amekaa benchi la mbele yangu tangu komunyo ya kwanza na hajawahi kunyamaza, akageuka.

"Balbina, umekuja kufagia dari?"

"Nimekuja kukuziba mdomo, ila naona yaliyopo hayatoshi."

"Kweli, ni ya nini hayo?"

"Ni ya Lodzia."

Genowefa alikuwepo siku ya nadhiri. Aliyatazama matete, akanitazama mimi, akahesabu mwenyewe mpaka akafika. Alijisogeza kando ili yapate nafasi. Padre, kijana wa kutoka India asiyejua mimea yetu, aliyanyunyizia maji ya baraka sawasawa na mengine, akanitabasamia. Nilikunja uso kama anayepiga chafya, nikatoka nje kabla ya wimbo wa mwisho.

Matete yalikaa nyuma ya picha ya Mama Maria, juu ya jiko. Lodzia alikufa Septemba ilipoanza, mchana, amegeuzia uso ukutani. Kitanda alikuwa ameomba kigeuzwe.

Siku ya mazishi, kabla ya kufunga jeneza, mtu wa mazishi alimwinua kichwa kwa upole nami nikayalaza matete chini ya kisogo, nimeyakata mafupi. Hakuna aliyetuambia kwamba joto la jiko linayakausha. Kichwa kilipolala, soseji moja ikapasuka, kisha ya pili, na sufi ikafumka kutoka ndani, nyeupe, nyingi, haiishi, kama mto uliochanwa. Ilimfunika Lodzia nywele, ikamfunika mabega ya gauni lake lililopigwa pasi. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Upepo ukaichukua ikapanda juu ya mabenchi, ikatua kwenye makoti meusi ya watu, kwenye kofia, kwenye midomo. Mtu akapiga chafya. Mtoto akacheka akanyamazishwa.

"Bibi," mtu wa mazishi akaninong'oneza, "haya huwa yanapuliziwa kwanza dawa ya nywele, yasifumke."

"Umefanya vizuri kunikumbusha," nikamwambia.

Alitaka kuleta brashi. Ignac akamsogeza kwa mkono. Alipiga goti kando ya jeneza na kuanza kuokota sufi ile kwenye nywele za mkewe, uzi mmoja mmoja, kwa vile vidole vyake vinene vya viazi. Akiutoa mmoja, pumzi yake inaangusha mingine miwili. Padre alisubiri. Mpiga kinanda alirudia wimbo, akaurudia tena. Watu walianza kutazama viatu vyao.

Nilikwenda nikamshika mkono. "Shemeji, inatosha. Iache iende naye."

"Hapana," akasema bila kuinua macho. "Hii si yake, Balbina. Hii ni yangu."

Akaendelea. Alikuwa akiitia sufi mfukoni mwa koti lake la mazishi, na mfuko ukavimba, ikawa inamwagikia zulia. Nikapiga goti upande wa pili nikaanza kumsaidia. Lakini nywele za Lodzia zenyewe zilikuwa nyeupe, laini, zimepungua, na mimi na Ignac macho yetu si ya kutegemea. Mara mbili nilivuta nikaona ni unywele.